Mchezo wa Dunguni



Naambiwa wako waliokuja wakitaraji kwamba nimeleta kompyuta za kugawa. Hapana. Nimeleta laptopu moja, hii, na itatutosha, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya leo haifanyiki kwenye kompyuta. Nimeombwa nieleze namna mtu asiyejua lolote anavyoweza kuanza kutengeneza michezo na katuni kwa kupanga vipande vya picha, badala ya kuandika mistari ya herufi na alama ambayo nukta moja ikikosekana yote hugoma. Programu nitakayoitumia inaitwa Scratch, nayo ni ya bure. Historia yake itafuata. Kwanza tutengeneze mchezo.

Mchezo wetu unahusu dungu. Hapa Ngarambe sina haja ya kumweleza mtu dungu ni nini, lakini mhadhara huu utachapwa, na atakayeusoma Mwanza au Mombasa aelewe kwamba ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, ambamo mkulima wa Rufiji hushinda na kukesha mazao yakikaribia kukomaa, mchana akifukuza ndege na ngedere, usiku nguruwe pori. Kwenu huongezeka na tembo, maana Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, ni jirani yenu.

Kwa nini dungu? Kwa sababu katika mafunzo mengi ya kompyuta kwa watoto niliyoyaona, mchezo wa kwanza ni paka anayemkimbiza panya, au chombo cha anga kinachopiga vimondo. Si vibaya. Ila mtoto anayetengeneza chombo cha anga anaiga mchezo aliouona kwenye simu ya kaka yake, na hana la kuubishia. Mtoto wa hapa akitengeneza tembo atabisha: tembo haji namna hiyo, tembo akishazoea debe haliogopi tena. Ukishabisha, tayari unapanga programu, hata kama kompyuta haijawashwa.

Basi tuanze. Mlio mbele mtaona kwenye kioo, mlio nyuma nitawachorea ubaoni. Upande huu kuna vipande vya amri, kila kundi kwa rangi yake: bluu ni mwendo, njano ni matukio, rangi ya chungwa ni vile vinavyoamua nini kirudiwe na nini kisubiri. Katikati ni mahali pa kuvipanga. Upande ule ni jukwaa, ambako wahusika wanaonekana. Kipande unakiburuta kwa mausi na kukishikiza chini ya kingine. Tazameni umbo lake: juu kina pengo, chini kina kijino, na visivyoendana havishikani. Kile kinachouliza swali, mathalani kama tembo amegusa shamba, kimekatwa pembe sita, na tundu la pembe sita halipokei umbo jingine. Kwa hiyo kosa la tahajia limeondolewa kabisa. Kosa la kufikiri limebaki palepale, na ndilo tunalolitaka.

Jukwaa lina upana wa vipimo 480 na kimo cha 360, na sufuri iko katikati. Kwenda kulia unahesabu mpaka 240. Kwenda kushoto unahesabu mpaka −240. Mwalimu wa hisabati aliyehangaika kueleza namba hasi darasani ajue kwamba hapa hazina maelezo: tembo anatokea −240, ukingo wa kushoto, kwa sababu hifadhi iko magharibi na ramani ya shule huweka magharibi kushoto. Shamba liko kulia. Dungu tumelisimamisha ukingoni mwa shamba, na juu yake yuko mtoto mwenye debe. Magunia ya mavuno tumeyawekea kihesabu kinachoanza na 50.

Amri za tembo ni hizi. Maneno ni yangu, mpangilio ni wa Scratch:

bendera ya kijani ikibofywa
nenda mahali −240
rudia daima:
— sogea mbele 2
— kama umegusa shamba, punguza magunia kwa 1
— kama kitufe cha debe kimebonyezwa, nenda mahali −240

Someni tena kwa sauti. Hakuna aliyeshindwa kuelewa. Tembo anakuja, akifika anakula gunia, ukipiga debe anarudi porini. Sasa nabofya bendera. Tembo anakuja, anafika, na magunia yote 50 yanaisha kabla hata ya sekunde mbili. Wala haishii hapo. Kihesabu kinashuka chini ya sufuri, na mkulima sasa anadaiwa magunia asiyowahi kuyavuna.

Hapa mtoto husema, "Imeharibika." Haijaharibika. Scratch huzungusha kitanzi cha namna hii takriban mara 30 kwa sekunde. Kila mzunguko tembo anaulizwa kama amegusa shamba, kila mara jibu ni ndiyo, na kila mara gunia linaondoka. Hamsini gawanya kwa 30 ni sekunde moja na ushei. Kompyuta imefanya kile hasa ilichoambiwa. Sisi ndio tuliomaanisha jambo moja tukasema jingine: tulimaanisha "akifika," tukaandika "akiwa amegusa."

Nitakaa kidogo kwenye kosa hili, kwa kuwa linafundisha zaidi ya vipande vingine vyote vilivyomo humu. Waachieni watoto walitatue, na msiwaambie jibu. Mmoja atasema tembo akila gunia moja arudishwe porini. Ni sawa, lakini sasa una tembo mpole kupita kiasi, anayekuja kula gunia moja na kuaga. Mwingine ataweka "subiri sekunde 1" baada ya kupunguza gunia. Hii inaonekana nzuri zaidi: tembo anasimama shambani, anakula gunia moja kila sekunde. Jaribuni mpige debe. Tembo hasikii! Bonyeza, bonyeza, hasikii. Kwa nini? Kwa sababu swali la debe limeandikwa chini ya kusubiri, ndani ya kitanzi kilekile, na wakati tembo anasubiri hakuna anayeuliza swali lolote. Kwa sekunde nzima tembo ni kiziwi. Ukibahatika kushikilia kitufe mpaka sekunde iishe, atakimbia. Ukigonga na kuachia, hujapiga kitu.

Njia ya kutoka ni kumpa tembo safu mbili za amri zinazokwenda pamoja: safu ya kwanza inatembea na kula, safu ya pili haina kazi isipokuwa kusikiliza debe. Katika lugha nyingi za kompyuta zinazoandikwa kwa herufi, kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja ni somo la mwaka wa pili chuoni. Hapa mtoto wa darasa la tano analifikia siku ya kwanza, kwa sababu tembo wake amekuwa kiziwi na hilo limemuudhi.

Nilisema sehemu kubwa ya kazi haihitaji kompyuta. Mchezo huohuo unaweza kuuchora mchangani kwa kijiti, miraba kumi kwa kumi. Mtoto mmoja awe tembo, mwingine asome amri kutoka kwenye karatasi, na tembo akatazwe kutumia akili yake: afanye lililosomwa tu. Akiambiwa "mbele" na mbele kuna mwembe, agonge mwembe. Watacheka sana, na mwandishi wa amri atairudia karatasi yake bila kusukumwa.

Jambo hili la kumfanya mtoto atembee kwa mwili wake yale atakayoiamuru mashine si langu. Ni la Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, na ambaye mwaka 1967 huko Marekani, akiwa na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, alibuni lugha ya Logo. Kwenye Logo mtoto anamwamuru kobe: mbele, kulia, mbele, na kobe anachora. Hoja yake ilikuwa ya kichokozi kwa wakati ule ambapo kompyuta moja ilijaza chumba: watu walitaka kompyuta imfundishe mtoto, yeye akasema mtoto aifundishe kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Logo ilifikishwa kwa watoto wa Dakar, Senegali. Scratch ni mjukuu wa Logo. Ilitoka kwenye kundi la Mitchel Resnick katika chuo kikuu cha MIT mwaka 2007, ikilenga watoto wa miaka 8 hadi 16, na toleo lake la tatu, ambalo ndilo hili, lilitoka Januari 2019. Walio wadogo zaidi, wa miaka mitano hadi saba, wana ScratchJr ya mwaka 2014, ambayo vipande vyake ni picha tupu, hata asiyejua kusoma anaitumia.

Sasa nifike kwenye lililonileta hasa.

Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Lugha za kompyuta zinazoandikwa, kwa sehemu kubwa, zimejengwa juu ya maneno ya Kiingereza. Matokeo yake kijana wa Rufiji anayetaka kujifunza kuandika programu anabebeshwa mizigo miwili kwa pamoja: kufikiri kwa mpangilio, na kutamka amri kwa lugha ambayo bado anaitafuta. Akishindwa, sote tunasema hana kichwa cha kompyuta. Hatujui. Huenda alikwama kwenye herufi.

Bofyeni sehemu ya lugha hapa juu. Inafungua orodha ya lugha, na Kiswahili kimo. Nikikichagua, vipande vyote vinabadilika, lakini mchezo hauguswi. Tembo ni yuleyule. Mchezo uliotengenezwa na mtoto wa Brazili kwa Kireno nitaufungua hapa na amri zake nitazisoma kwa Kiswahili, isipokuwa majina aliyoyabuni mwenyewe. Si mara ya kwanza Kiswahili kuingia ndani ya kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Lakini menyu ni mlango wa kuingilia kwenye kazi iliyokwishafanywa na wengine. Hapa Kiswahili ndicho kinachofanya kazi. "Kama umegusa shamba" ni amri kamili, imeandikwa kwa lugha mnayonunulia dagaa sokoni, na mashine inaitii.

Najua kuna mwalimu anayejiuliza: je, hatutamchelewesha mtoto? Si atakikuta Kiingereza mbele? Atakikuta. Lakini atakuwa ameshajua kitanzi ni nini, sharti ni nini, na kwa nini kihesabu hurudishwa kwenye 50 kila mchezo unapoanza. Kujifunza jina la pili la kitu unachokijua ni kazi ya wiki. Kujifunza kitu na jina lake geni kwa pamoja ni kazi ambayo wengi wetu hatukuimaliza.

Tugeukie katuni, na hapa naomba ruhusa ya wazee, maana mfano wangu ni mzito. Mwaka 1904, hapahapa Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alitangaza kuwa pepo Hongo amemshukia. Masimulizi yanasema alizama majini, na alipotoka siku ya pili nguo zake zilikuwa kavu. Watu wakamiminika kuja kuchukua maji ya dawa. Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, Umatumbini, na tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, Vita ya Maji Maji dhidi yao ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Ebrahim Hussein aliyapeleka hayo jukwaani katika tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyochapishwa mwaka 1969. Mwenye kusema kwamba mambo haya si ya katuni namwelewa. Lakini watoto wenu watachora kitu, wapende wasipende, na naona bora wachore hiki baada ya kukaa na babu zao kuliko kuchora kitu cha mbali wasichoulizwa na yeyote. Scratch inanasa sauti pia. Babu akikubali, simulizi liwe la sauti yake.

Mwendo kwenye katuni ni hila ya macho. Mhusika anapewa mavazi, yaani picha kadhaa za mwili uleule: mguu huu mbele, kisha mguu ule mbele. Unabadilisha vazi, unasubiri sehemu ya kumi ya sekunde, unabadilisha tena. Picha mbili zinatosha kumtembeza mtu. Hilo wataling'amua wenyewe. Kigumu ni ule umati unaomngoja Kinjikitile ukingoni mwa maji.

Chukueni wahusika wanne wanaongoja ukingoni. Kinjikitile akitoka majini, mmoja apige magoti, mmoja akimbie kuita wenzake, mmoja arudi nyuma kwa hofu, mmoja asimame tu na mashaka yake. Anayeanza atapanga kwa saa: wa kwanza asubiri sekunde 8 kisha apige magoti, wa pili asubiri sekunde 8 kisha akimbie, na kadhalika. Itafanya kazi mara moja. Kesho yake ataona kuzama kunahitaji muda mrefu zaidi, maana ukimya ule ndio unaotia hofu, ataongeza sekunde tatu kwa Kinjikitile, na umati wote utaanza vitendo vyake mbele ya maji matupu.

Dawa yake ni kipande kinachotangaza ujumbe. Kinjikitile akitoka, anatangaza "nimetoka." Wahusika wengine kila mmoja ana amri inayosema: nikipokea "nimetoka," nifanye hivi. Hakuna anayehesabu sekunde tena, wanangoja habari. Urefushe ukimya utakavyo, umati utasubiri. Na tazameni kwamba mtangazaji hamwambii yeyote la kufanya. Habari ni moja, kila anayeipokea anaitendea kwa namna yake, jambo ambalo mwanafunzi wa historia ya Maji Maji atalifahamu haraka, kwa sababu ujumbe uliotoka kijijini hapa haukutendewa namna moja kila ulikofika.

Nani aseme katuni si kazi ya Watanzania? Ubongo, kampuni iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, ilianza kurusha *Ubongo Kids* kwenye televisheni ya TBC1 Januari 2014, katuni za Kiswahili za kufundisha hisabati na sayansi, na leo zinatazamwa nje ya mipaka yetu pia. Wala msiniambie mtoto wa kijijini haziwezi mashine hizi. Katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa majaribio ya shindano la kimataifa la XPRIZE yaliyohitimishwa mwaka 2019, karibu watoto 3,000, wengi wao wasiokuwa shuleni, walipewa tableti zilizochajiwa kwa sola na wakajifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu. Tofauti na ninachokisema leo ni kwamba wale walipewa masomo yaliyokwishatengenezwa. Sisi tunamtaka mtoto atengeneze.

Vifaa nitavipitia haraka. Scratch inapakuliwa mara moja na kukaa kwenye laptopu. Baada ya hapo haihitaji bando, na unaweza kuihamisha kwa flashi kutoka mashine moja hadi nyingine. Kwenye tableti ya Android inakubali. Kwenye simu ndogo kutengeneza hakuwezekani; mwenye simu janja peke yake ajaribu Pocket Code, iliyotoka Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, ambayo nayo ni ya kupanga vipande. Na mtoto akifungua akaunti ya kuonyesha kazi zake kwenye mtandao, asitumie jina lake halisi wala picha yake.

Kwa laptopu moja, wakae watatu watatu: mmoja ashike mausi, mmoja ashike karatasi ya mpango, wa tatu kazi yake iwe kuuliza "kwa nini?" Wapokezane. Mwalimu afunge mikono nyuma. Nasema hili kwa ukali kwa sababu nimeona semina ambazo mwisho wake kila mtoto ana cheti na mchezo unaofanana na wa jirani yake hadi rangi, kwa kuwa mkono uliokuwa kwenye mausi ulikuwa wa mwezeshaji. Vyeti vile sijui vinathibitisha nini.

Mzazi mmoja ameniuliza nilipokuwa naingia: hii itampa mwanangu kazi? Kwa Scratch peke yake, hapana. Hakuna anayeajiriwa kwa kupanga vipande. Ina mipaka pia: mchezo ukiwa mkubwa, vipande vinajaa kioo mpaka mwenyewe humwoni tembo, na siku hiyo mtoto atakuja akilalamika kwamba kuburuta kunamchelewesha, bora angeandika. Hapo mpeni Python, lugha inayoandikwa kwa herufi, pamoja na Kiingereza chake; atakuwa anajua anachokitafuta.

Faili la mchezo wa dungu nimeliacha kwenye flashi kwa mwalimu wa hisabati. Lina makosa mawili, la magunia kushuka chini ya sufuri na la tembo kiziwi, na sikuyarekebisha kwa makusudi. Sasa maswali, na naomba tuanze na vijana waliokosa viti, wale wa mlangoni.